Soksi za Sakafu ya Mfalme

Tundu la soksi lilikuwa dogo, la kupitisha kidole gumba tu, na Zuberi alilijua tangu Doha. Alipofunga begi la safari ya Japani aliazima koti la Nahashon, mlinzi Mkenya aliyeishi naye chumba kimoja kule mtaa wa Al Mansoura, akapiga pasi shati, akang'arisha viatu. Soksi nani ataziona? Mtu mzima aliyevua viatu msikitini maisha yake yote hakukumbuka kwamba wapo na wengine duniani wanaovua viatu mlangoni.

Kazi yake ilikuwa kumwendesha Bi Latifa na kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Bibi huyu alizaliwa Unguja, akaolewa Doha angali msichana. Baba mkwe wake alikuwa mfanyabiashara wa lulu, na lulu rahisi za kufugwa za Wajapani zilipoingia sokoni zikamwangusha chali. Mzee akaapa kwamba iko siku mtu wa nyumba yake atakanyaga sakafu ya mfalme wa Japani. Watu walimcheka, isipokuwa Bi Latifa. Mwaka 2014 mwanawe Khalfan alipoamua kumtembeza Japani, bibi aliomba jambo moja tu: apelekwe kwenye nyumba ya zamani ya mapumziko ya ukoo wa kifalme, ambayo sasa inapokea wageni. Miezi miwili, kwenye fleti yao ya mtaa wa The Pearl, Doha, alifanya mazoezi ya kusimama na kupiga hatua mbili, ameshika mkono wa Zuberi, ili aikanyage sakafu hiyo kwa miguu yake. Mkono wa mtu mwingine ulimtia hofu.

Siku yenyewe Khalfan na mkewe walitangulia ndani. Mlangoni mhudumu alipiga magoti, akaonyesha rafu ya viatu, kisha akasogeza kiti kingine cha magurudumu, kisafi, cha kutumia ndani. Zuberi akavua kiatu cha kushoto. Akavua cha kulia, kidole kikachungulia. Angevua na soksi zenyewe yakaisha, lakini aibu ikimpanda mtu akili inamruka. Sakafu inameta, mhudumu amepiga magoti palepale penye mguu wake, wageni wamepanga foleni nyuma. Akarudisha viatu mbiombio.

"Bibi, wanasema wenye viti vya magurudumu hawaruhusiwi."

Bi Latifa alikitazama kile kiti kitupu, mkoba wake kaushika mapajani kwa mikono miwili. "Haya, mwanangu," akasema. "Nipeleke bustanini." Walikaa huko saa nzima, wakitazama milango ya karatasi kwa mbali.

Sikukuu ya Idi, huko Doha, sebule ilijaa wageni na Zuberi akawa anagawa kahawa. Mmoja akauliza habari za ile nyumba ya kifalme. Khalfan akasema anashangaa mpaka leo kuambiwa viti haviruhusiwi, maana ndani alimwona mzee akisukumwa kwenye kiti. Bi Latifa akajibu kwamba ni yeye aliyekataa kuingia, alikuwa amechoka. Wageni wakamcheka, kwenda mpaka Japani kukaa bustanini, naye akacheka nao. Bibi huyo daktari alikwisha mkataza kupanda ndege tena. Zuberi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alipomrudisha chumbani alishindwa kuvumilia. "Bibi, ilikuwa soksi yangu. Ilitoboka."

"Nilikiona kidole."

Bi Latifa akamwomba amletee ule mkoba aliokuwa ameupakata Japani, na aufungue mwenyewe. Ndani mlikuwa na jozi mbili za soksi nyeupe za pamba, mpya, bado zimeshikizwa pamoja kwa uzi wa dukani. Jozi moja ilikuwa ndogo, ya kike. Ya pili ilikuwa ya mwanamume, saizi ya Zuberi.

"Nilizinunua hapahapa Doha kabla hatujaondoka," alisema. "Zangu, na za mtu wa kunishika mkono. Nilitaka nikupe pale mlangoni."

Zuberi aliuliza kwa nini basi hakumpa.

"Ulikwisha sema wamekataa. Ningezitoa vipi bila kukuumbua mbele za watu?"

Akauchukua mkoba taratibu, akaufunga. Zile soksi za kiume alimwachia mkononi.