Kisanduku cha Anga Tupu

Kwa miaka mitatu galaksi zile mbili zilikuwa zimemkaa mtafiti kooni. Hazikuwa na umbo la maana, moja kama unga uliomwagika, nyingine kama alama ya kidole kwenye kioo, na zilikuwa zikigongana polepole mno. Kila alichosoma kilisema kwamba galaksi zikigongana, gesi yake hubanwa na nyota mpya huzaliwa kwa wingi. Za kwake ziligoma. Kila alipopima mwanga wa nyota changa alipata kiduchu, cha kumtia mtu aibu.

Tasnifu ilitakiwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano. Nyumbani mama yake alishaanza kumwita Dokta. Naye mtafiti, kwa kuwa lazima apatikane wa kubebeshwa lawama, alikuwa ameandika katika sura ya tatu kwamba kamera ya darubini ilikuwa dhaifu. Watahini waliisoma rasimu, wakaridhika na sababu hiyo.

Asiyeridhika alikuwa Fundi, mtunza kamera. Aliingia ofisini bila kubisha hodi, rasimu mkononi.

"Dada, hapa umeniandika mimi."

"Nimeandika kamera."

"Kamera hiyo naisafisha mimi, naipima mimi kila wiki. Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Alimwonyesha huku amenuna. Anga lenyewe lina mwanga wake, kwa hiyo mtu huchagua kipande kitupu cha picha, hupima mwanga wake, kisha huuondoa kwenye picha nzima. Yeye alichora kisanduku chake wiki ya kwanza kabisa, katikati ya galaksi mbili, na hakukigusa tena.

"Kwa nini hapa?"

"Kwa sababu hapana kitu hapo."

Fundi alivuta kiti, akaongeza mng'ao mpaka picha ikawa mbaya kuitazama. Ndani ya kisanduku ukatokea ukanda hafifu wa gesi, ukitoka galaksi moja kwenda nyingine, umejaa vidoa vya nyota changa. Miaka mitatu mtafiti alikuwa akizipima nyota zake, akiziita utupu, na kuzitoa kwenye hesabu kwa mkono wake mwenyewe.

Alihamishia kisanduku pembeni ya picha, akarudia hesabu. Nyota zikawa mara nne ya zile za awali. Alikuwa sahihi tangu mwanzo kutarajia nyota nyingi, na majedwali yote ya tasnifu yalikuwa takataka. Hasira zilimpanda, tena hasira mbaya, zile zisizo na wa kutupiwa.

Alimpigia msimamizi wake, sauti ikasikika chumba kizima.

"Kurekebisha kutakula mwaka," msimamizi alisema. "Watahini wameshakubali. Peleka hiyohiyo, mengine utayachapisha baadaye."

"Na sura ya tatu?"

"Nani anasoma sura ya tatu?"

Alikata simu. Fundi alikuwa akitazama sakafu.

"Kamera ilikuwa sawa," mtafiti alisema. "Kosa ni langu."

"Mimi nimesikia. Wao je?"

Alitamani kumfukuza. Badala yake aliwaandikia watahini maneno yaleyale, akaomba jina lake litolewe kwenye orodha ya wanaowasilisha Ijumaa. Akaituma barua, akalia kwa hasira bila kujificha. Fundi hakumbembeleza. Alimwuliza tu jedwali la kwanza liko ukurasa gani.