Sharti la Marehemu

Mwanamume aliyeshuka kwenye pikapu mbele ya shule yetu ya sekondari, pale Yakobi, Njombe, mwezi Juni 1996, alikuwa amevaa makoti mawili na bado alitetemeka. Hakuna aliyekuwa anamtarajia. Aliuliza kama shuleni kuna mtu anayejua kutunga uongo mzuri. Mwalimu mkuu akanionyesha mimi.

"Huyu ni Mwalimu Janeth. Ametoka Chuo Kikuu, Mlimani, mwaka jana. Bado anaamini mambo mengi."

Mgeni alikuwa Miraji wa Makambako. Jina lake nililijua kwa sababu ndiye aliyetupa madawati yote ya kidato cha kwanza bila kuja kupigiwa makofi. Alianza kwa kutengeneza redio karibu na stesheni ya treni. Serikali ilipofungua biashara huria, akaleta televisheni na deki za video kutoka Dubai, kisha madishi, kisha faksi, na mwishowe kompyuta mbili zilizochapa kila kitu mjini, kuanzia kadi za harusi hadi kesi za talaka za harusi zilezile.

"Nimeuza masanduku ya picha miaka minane," aliniambia. "Ndani ni watu wa mbali wanapigana mateke. Sijaona hata mmoja anapalilia viazi."

Alitaka kutengeneza filamu ya watu wa Njombe, aiuze Dar es Salaam, na fedha yote inunue mabati ya bweni la wasichana. Kuta zilikuwa zimesimama mwaka wa tatu bila paa. Wasichana wangu walilala darasani, na kila asubuhi walikunja magodoro kabla ya kipindi cha hesabu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Niliandika kwa wiki moja: mama mjane, wanawe wanagombania shamba, mama anakufa, wanapatana mbele ya jeneza. Waigizaji tuliwapata upesi, ila hakuna aliyekubali kufa. Wanawake wa jumuiya walikubali kulia, kupika, hata kutukana, lakini kulala kwenye jeneza walisema ni kujiitia kifo.

Mwishowe alikuja Bibi Emilia, mwenye miaka sabini na moja.

"Nitakufa, mwanangu," alimwambia Miraji. "Lakini mwisho wa picha nionekane nimesimama, niseme mwenyewe kwamba sijafa. Nina binti Ludewa. Akisikia mama yake amezikwa kwenye kanda, atauza mbuzi apande lori. Nani atamrudishia mbuzi?"

"Nakuahidi, mama."

"Na usinikatize nikisema."

"Sikukatizi."

Siku ya kupiga picha ya msiba, wanawake walilia vizuri kupita kiasi. Sauti ilivuka bonde hadi kwa Esteria, jirani ambaye hakuwa amesemeshana na Bibi Emilia kwa miaka tisa kwa sababu ya mpaka wa mianzi, ile inayogemwa pombe ya ulanzi. Kwa kuwa hawakusemeshana, hakuna aliyemwambia habari za filamu. Tukamwona anapanda kilima na unga kichwani na kuni begani, analia kweli. Nilitaka kumzuia. Miraji, jicho kwenye kamera, alinishika mkono.

Esteria alitua unga, akapiga magoti kando ya jeneza.

"Dada, nisamehe. Ule mpaka ulikuwa wako. Na ulanzi wako, kila masika, nilikuwa naugema mimi."

Machozi yalianza kumtoka marehemu. Halafu marehemu akafumbua jicho moja.

"Kila masika, Esteria?"

Esteria alikimbia hadi katikati ya bonde. Baadaye alirudi kuchukua unga wake. Bibi Emilia alikuwa ameshauweka jikoni, akamwambia apikiwe ugali kwanza, ndipo wahesabu masika. Walikula pamoja hadi jua likazama. Esteria aliruhusu kipande kile kibaki kwenye filamu, hadi kabla tu ya jicho kufumbuka, mradi watu waambiwe kwamba ulanzi wenyewe ulikuwa mchachu.

Mwezi wa Agosti alikuja mnunuzi kutoka Dar es Salaam, kijana aitwaye Fahadi. Tuliangalia kanda dukani kwa Miraji, Makambako. Kwenye jeneza Fahadi alivua miwani akajifuta. Kisha Bibi Emilia akatokea kwenye skrini, amesimama mlangoni na kitenge kipya, anasalimia.

"Huyu si amekufa?"

"Hajafa," alisema Miraji. "Anaeleza mwenyewe."

Bibi alieleza kwa dakika kumi na moja. Alianza na binti yake, wajukuu, wakwe, akashuka kwa majina hadi mtu aliyewahi kumpa mbegu za maharage.

Fahadi alitaja bei. Ilitosha bweni zima, na dari juu yake. "Ila zile dakika za mwisho nazifuta. Watu wamelia, halafu maiti anawauliza hali? Watadai viingilio vyao."

Akilini nilikuwa nawaona wasichana wangu wanakunja magodoro.

"Bwana Miraji," nikasema, "Bibi hana hata deki. Hatajua."

Nilisema hivyo kwa moyo wote, mimi ninayefundisha uraia.

"Mwalimu," alisema taratibu, "kuna mzee nilimuuzia televisheni kule Matembwe, nikamwambia picha itakuja. Haikuja. Nilirudi mara saba, kila safari na mlingoti wa antena mrefu zaidi. Mara ya saba aliniona kwa mbali akafunga mlango. Nikapitia jikoni, na picha ikaja. Biashara yangu yote ni kumwambia mtu kitu kitaonekana, kisha kionekane." Akamgeukia Fahadi. "Bibi anabaki hai."

Fahadi alipanda basi la mchana bila kanda. Sikumsemesha Miraji hadi jioni. Wiki iliyofuata aliuza dishi lake kubwa kwa gesti moja ya Makambako, na mabati yaliyopatikana yalifunika nusu ya bweni. Nusu ya wasichana wakahamia.

Filamu ilionyeshwa Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa misheni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Bibi Emilia alikaa mbele, Esteria pembeni yake, na binti kutoka Ludewa aliyekuja bila kuuza mbuzi. Watu walilia kwenye jeneza, wakacheka walipokumbuka lile jicho. Kisha Bibi akasimama mlangoni kwenye skrini, akaanza salamu, na ukumbi mzima ukawa unamwitikia mmoja mmoja.

Nje, jenereta likaanza kukohoa. Nilimkuta Miraji ameshika dumu la petroli, ile ya kumrudisha Makambako.

"Amefika wapi?" akaniuliza.

Nikachungulia mlangoni. "Kwa shemeji zake wa Lupembe. Bado Ludewa yote."

"Shika faneli, Mwalimu."

Nikashika. Akamimina yote.