Mguu wa Verna

Verna Pardy ana mguu mzito, na mtangazaji wa habari hiyo nilikuwa mimi. Kila mchana kantini nilimwambia, "Dada, hilo lori unalikanyaga kama limekukosea," naye alinijibu, "Ambrose, fundi spana wewe, nyamaza ule." Sote wawili tumetoka Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada, na mgodi mzima huu wa Alberta, huku magharibi, haukuwa na mtu mwingine wa kunisema vizuri namna ile.

Januari bei ya mafuta ikaporomoka. Pipa moja kwetu ni tani mbili za mchanga wenye lami, uoshwe kwa maji ya moto, kisha lami ipikwe mtamboni mpaka ilainike iwe mafuta ghafi. Pipa hilo lilitugharimu dola thelathini na nane, na wanunuzi walitoa thelathini na tano. Mwenye akili angefunga duka. Lakini uzime mtambo kwenye baridi ile, mabomba yagande, halafu uje uuwashe tena? Hiyo ni hasara kubwa zaidi. Basi tukawa tunakula hasara kwa bidii.

Msimamizi wetu, Garth Wolansky, akatuita ofisini. "Makao makuu wanataka nipunguze mtu mmoja. Verna, lori lako linakunywa dizeli kuliko yote."

"Labda ni bovu," Verna akasema.

"Ni mguu huo," nikadakia, mdomo wangu hauna breki.

Akanigeukia. Nikaona macho yamemlowa, nikajiona mpumbavu.

Nikatoka kwenda kulikagua lori, walau nimtafutie kisingizio. Nikapanda ngazi, maana lori lenyewe ni kubwa kama nyumba, nikachungulia bodi, lile sanduku la nyuma la kubebea mchanga. Lilikuwa limeshamwaga mzigo, lakini ndani mlibaki bonge la mchanga ulioganda, kimo cha mtu. Tani arobaini hizo, na Verna amezitembeza kwenda na kurudi tangu Novemba; ndizo zilizokuwa zikinywa dizeli. Kwa kawaida moshi wa injini hupitishwa chini ya bodi ili ipate joto, mchanga usigande. Nikaifuata njia ya moshi, nikakuta imezibwa kwa kifuniko. Aliyekifunga ni mimi, majira ya joto, wakati mchanga haugandi, nikasahau kukifungua baridi ilipoanza.

Nikakaa juu ya bonge, matako yanakufa ganzi. Nikinyamaza, Verna anaondoka, mimi nabaki na mshahara wangu. Halafu nile na nani? Hapo ndipo nilipojua kwamba nampenda yule mwanamke, na nikaogopa kweli.

Nikarudi kwa Garth. "Mguu wa Verna hauna kosa. Kosa ni langu." Nikamweleza yote, Verna akiwa bado amekaa pale anasikia.

Garth akajikuna shavu. "Bado nahitaji jina moja, Ambrose."

"Si umeshalipata?"

Kesho yake Verna akanikuta nasubiri basi la uwanja wa ndege, nirudi kwetu Newfoundland. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Miezi mitatu unanisema mguu mzito."

"Nisamehe, Verna."

"Sikusamehe. Na ungenyamaza jana, nani angejua?"

"Ningekukosa."

"Mjinga wewe. Si ndiyo unaondoka?"

Basi likafika, nikaokota begi. Akanivuta kola, akanifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Nafanya kazi siku kumi na nne, napumzika saba," akasema. "Mama yako bado anapika samaki wa chumvi?"

"Kila Ijumaa."

"Mwambie aongeze sahani."