Tambarare Kama Meza ya Kushonea

Siku hofu inagawiwa katika ukoo wetu, mimi sikuwepo. Muulize yeyote. Nyoka alipoingia darasani tulipokuwa kidato cha pili, wenzangu wote walipanda juu ya madawati. Mimi nilimuuliza kama ana barua ya mzazi. Ndiyo maana hapa ofisini, tunapopangia watu safari, wananiita Rubani: mtu wa kupaa bila kutetemeka.

Hayo niliyasema Jumatatu, kifua mbele. Jumatano saa nane mchana nilikuwa nimejifungia chooni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, meno yanagongana kama sahani zinazooshwa na mtu mwenye haraka.

Kisa ni mama mkubwa, dada yake mama. Ameshona sare za shule miaka thelathini na moja, na ukutani juu ya cherehani yake kuna kalenda iliyokwisha kazi nikiwa bado navaa sare za shule. Haiondoi kwa sababu ya picha mbili. Ya juu ni Lima, majabali yameinamia bahari. Ya chini ni La Paz, nyumba zimejazana bondeni kama vifungo ndani ya bakuli, na juu yake vinapita vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Huko ni Amerika ya Kusini, mbali kuliko alikowahi kufika mtu yeyote wa kwetu. Alipostaafu alisema neno moja tu: "Nataka kuiona miji hiyo miwili kwa macho yangu. Siku sita zinatosha. Nikirudi, hata nikifa sawa."

"Usife, mama mkubwa," nikamwambia, "tiketi haibadilishwi jina."

Tukacheka. Sasa hivi nikiukumbuka mzaha ule naona aibu hata mbele ya ndoo.

Alinijia mimi kwa sababu mimi nilifika. Yaani nilisema nilifika. Miaka miwili iliyopita nilipotea wiki mbili, nikarudi na kofia ya sufu yenye masikio na hadithi za La Paz za kujaza gunia. Kusafiri nilisafiri kweli, ila nilikwenda kwa rafiki yangu, mji wa tatu kutoka hapa, tukawa tunaamka jua limeshachoka kutungoja. Kofia niliichomoa kwenye rundo la mitumba pale stendi. Nikampa mama mkubwa zawadi, naye asubuhi za baridi huivaa akishona. Niliuona ni uongo mdogo, wa kuchekesha, usio na jino. Sikujua kwamba uongo nao huota meno, sharti uulishe tu.

Nikaulisha. Mimi safari nazipanga kwa vidole. Nasimama mbele ya ramani kubwa ya ukutani, napima: kidole kimoja, saa moja ya ndege. Kutoka Lima hadi La Paz ni vidole viwili vyembamba, kama kwenda kwa jirani kuazima chumvi. Nikaandika siku tatu Lima, siku tatu La Paz. Siku ya kwanza ya La Paz nikaijaza mpaka ikatapika: soko, makanisa mawili, ngazi za kwendea mahali pa kuutazamia mji, vibanda vya kwenye waya, na kati ya kimoja na kingine, miguu. Ramani ni karatasi, jamani. Milima yote imelala chali.

Wiki iliyopita mama mkubwa alipita ofisini. Alishika fremu ya mlango kwanza, akangoja pumzi imfikie. Ana ugonjwa wa moyo. Hunywa vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni.

"Rubani," akasema, "daktari ananiuliza huko tunakokwenda kuna mwinuko gani. Nikamwambia mwanangu alifika, nitakuletea jibu."

Palikuwa na wateja wawili kwenye benchi, wote wamenitazama. Ningesema sijui? Rubani?

"Tambarare, mama mkubwa. Tambarare kama meza yako ya kushonea. Nilitembea wiki mbili, hata jasho halikunitoka."

Akampelekea daktari jibu hilo. Daktari akampa ruhusa.

Basi Jumatano hiyo, ndege yao, yeye na mumewe, ikiwa kesho yake asubuhi, ujumbe ukaingia kutoka hoteli ya La Paz. Walikuwa na adabu sana. Walisema wameona mgeni wetu ni mtu mzima. Je, tungependa awekewe mtungi wa oksijeni chumbani?

Nilicheka. Nikadhani ni anasa za huko, kama kuwekewa maua mezani. Kisha kicheko kikakwama katikati, nikaanza kutafuta kwenye kompyuta, nikasoma. Mji uko zaidi ya mita elfu tatu na mia sita juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege uko juu zaidi, umepita elfu nne. Hewa yake ni nyepesi. Hata kijana mzima huumwa kichwa na kuhema kwa ngazi chache. Mwenye ugonjwa wa moyo asiende kabla ya kuongea na daktari wake.

Alikwisha kuongea na daktari wake. Na daktari wake, kwa kweli, alikuwa ameongea na mimi.

Hapo ndipo nilipokwenda chooni.

Ungedhani mtu akishaogopa kiasi hicho atasema kweli. Wapi. Nilipotoka kwenye ile ndoo nilikuwa nimetunga uongo mwingine, safi, wa kuokoa maisha: uwanja wa ndege wa La Paz umefungwa, siku zote sita ni Lima, baharini, chini kabisa. Angepona, na mimi ningebaki Rubani. Nikachapa ratiba mpya. Neno Lima lina herufi nne, nikalikosea mara tatu.

Mama mkubwa na mumewe wanakaa ghorofa ya tatu. Nilipofika ya kwanza nikasikia kitu juu yangu. Pumzi. Ikaingia kwa mkwaruzo, ikatoka, kikafuata kimya. Ikaingia tena. Nikapanda polepole, nikamkuta mama mkubwa ameketi kwenye ngazi, mfuko wa uzi na sindano miguuni pake, mkono mmoja umeng'ang'ania chuma cha ngazi. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Aliinua kidole kimoja: ngoja.

Nikangoja, ngazi mbili chini yake. Pumzi, kimya. Nikaanza kuhesabu kimya chenyewe. Moja, mbili, tatu. Pumzi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikawaza: ngazi hizi ni mita saba, labda nane. Huko ni elfu tatu na mia sita, na ratiba yenye ngazi zote zile niliiandika kwa mkono wangu nikipiga mluzi.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Na usinitolee macho, sijafa. Moyo wangu leo umejifanya cherehani, unashona bila uzi. Ni hizi ngazi tu. Bahati yetu tunakokwenda ni tambarare."

Nikambebea mfuko. Mikono ilitetemeka hadi sindano zikalia ndani ya kopo lake.

Sebuleni baba mkubwa, mumewe, alikuwa nyuma ya gazeti. Aliendesha mabasi ya masafa marefu maisha yake yote, na kwa siku husema maneno kumi, manane kati yake ni "hm". Sanduku lilikuwa wazi kwenye kochi. Juu ya nguo zilizokunjwa ilikaa kofia ya sufu, masikio yamelala.

"Hiyo nairudisha kwao," mama mkubwa akasema akiketi kwenye kiti cha cherehani. "Ikasalimie ndugu zake."

"Mama mkubwa, kuna habari. La Paz haiendeki."

"Haiendeki kivipi? Imehama?"

"Uwanja wa ndege umefungwa. Wanautengeneza."

"Mpaka lini?"

"Haijulikani. Nimewawekea siku zote Lima. Karatasi hii hapa."

Hakuipokea. Aliinua macho kwenye kalenda, kwenye picha ya chini. "Basi tutapanda basi. Huyu baba yako mkubwa hajui kuketi mahali pasipotikisika."

"Hm," likasema gazeti.

"Basi halipiti!" Sauti ilinitoka kama ya mbuzi. "Hakuna basi, hakuna kitu!"

"Kuna nini wewe? Kama hakuna basi, tutakaa Lima tungoje. Picha hii nimeitazama miaka yote, siku mbili tatu zitanishinda?"

Nikaiona sura yake ikitabasamu, na midomo ile ambayo rangi ilikuwa haijairudia sawasawa. Angengoja kweli. Uwanja ungefunguliwa, kwa sababu haukuwa umefungwa, naye angepanda ndege. Nikaongeza chakula kwenye sahani ya uongo.

"Mama mkubwa, nakuambia kitu nilichokiona mwenyewe. Mwaka ule nilipokuwa huko waliufunga wiki mbili nzima. Tulikwama. Nimekaa na kofia hiyo kichwani kama yatima."

Gazeti likashuka. Baba mkubwa alilikunja mara mbili, akaliweka kando, akanyoosha mkono hadi kwenye sanduku na kuichukua kofia.

"Rubani."

"Naam, baba."

"Mwaka ule nilishusha abiria stendi, mji wa tatu kutoka hapa. Nikawa nimekaa kwenye usukani nakunywa maji. Nikakuona mbele ya rundo la mitumba, umeivaa hii, unamuuliza muuzaji kama ana kioo."

"Unasema nini, baba watoto?" mama mkubwa akauliza.

"Nilinyamaza. Nikasema kijana anajifurahisha, mwache apae. Hakuna abiria ndani." Aliigeuzageuza kofia, kisha akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyelala katikati ya barabara. "Lakini leo unatetemeka. Mtu hatetemeki hivyo kwa uwanja uliofungwa. Wewe hukufika La Paz. Sasa niambie, mke wangu ulimpa jibu gani la kumpelekea daktari?"

Mama mkubwa aliweka mkono kifuani. Nilimsikia anavuta pumzi, nikajikuta nahesabu tena. Moja. Mbili. Karatasi mkononi mwangu ilikuwa imelowa jasho, lile ambalo nilijigamba kwamba La Paz halikunitoka.

"Elfu tatu na mia sita," nikasema. "Mita."

"Za kwenda wapi?" akauliza mama mkubwa.

Nikanyoosha kidole kimoja, kuelekea darini.