Kifungo cha Koti

Tuelewane mapema: fundi cherehani hakuwa hodari wa sataranji. Hodari alikuwa kaka yake, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Bingwa, mwenye vikombe vitatu kabatini na mdomo wa kuvitangaza. Mzee wao alipofariki, Bingwa alifika kwenye chumba cha ushonaji kuuchukua ubao wa marehemu. Mzee aliuchonga mwenyewe, na kete zote pia. Askari mmoja mweusi alipotea zamani, kifungo cha koti kikashika nafasi yake.

"Ubao ni wa anayejua kucheza," alisema.

"Baba alinifundisha na mimi."

"Wewe!" Bingwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, dada yangu mdogo, tucheze. Tena nakupunguzia: toa sare tu, ubao ubaki hapa hapa."

"Shangazi, umesikia?"

"Mimi si kiziwi," alijibu shangazi yao, aliyekuja kupimwa gauni.

Wakapanga kete juu ya meza ya kukatia. Hasira zilikuwa zimemkaba fundi. Nani alimuuguza mzee miaka miwili, akicheza naye kila alasiri? Na huyu alikuwa wapi? Kwenye mashindano!

Bingwa alimla farasi, akamla malkia, akazila ngome. Angeweza kumaliza mapema, lakini tangu utotoni hamfungi mtu mpaka amvue hata shati. Dada mtu aliijua tabia hiyo, alishailia sana. Basi akampeleka mfalme wake taratibu mpaka kona kabisa, akakiacha karibu kile kifungo, kete pekee iliyombakia.

"Kubali yaishe, usijiaibishe."

"Cheza, kaka."

Malkia wa Bingwa akakidaka kifungo. "Kwisha habari yako!"

Fundi akakunja mikono. "Mfalme wangu hajashambuliwa. Pa kwenda hana, umeziba kote. Kete nyingine ya kusogeza sina, umezila zote. Hiyo inaitwaje?"

Bingwa akahesabu viwanja kwa kidole. Akahesabu tena.

"We baba, umeulizwa," shangazi akamkumbusha.

"Sare," alisema kwa shida. "Lakini hajanishinda!"

"Nani alitaka kukushinda? Nenda na vikombe vyako." Fundi akanyoosha kiganja. "Ila hicho kifungo ulichokishika ni cha koti la baba. Nilikikata mimi, yeye akiniangalia. Kirudishe."