Ndevu za Wandera

Mama aliiweka simu mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja kumwelekea Nabangala. Kwenye kioo alikuwepo Wandera, kaka yake Nabangala, aliyezama ziwani kule Luzira miaka sita iliyopita na mwili wake usipatikane. Sasa alikuwa na ndevu chache kidevuni. Chini ya picha aliwaonya watu wa Kawempe kwamba mgombea wa upande wa pili akishinda, vibanda vyao vyote vitabomolewa.

"Nimetumiwa na wenzangu wa soko la Owino," Mama alisema. "Anajiita Saverio. Jina kabadilisha, lakini kovu hilo la kwenye unyusi nililiosha mimi."

Nabangala alitazama, maana angefanya nini? Ndevu zile alizipanda yeye mwenyewe.

Haya, tusimwonee. Kasim, bosi wake katika ofisi ya kampeni, alimpa akaunti ishirini za watu wasiokuwepo aziendeshe, akamwonya kwamba picha za kuokota mtandaoni hunaswa upesi. Alitaka sura zisizowahi kuonekana popote. Nabangala alikuwa nayo moja, kwenye simu yake kuukuu. Akaitia kwenye programu, akaiongezea miaka sita, akajiambia marehemu hadhuriki. Siku za kwanza aliogopa kuifungua. Baadaye, Mungu amsamehe, alianza kufurahi kumwona kaka yake akijibiwa na watu mia mbili kwa siku.

"Nimempigia baba yako mdogo," Mama aliendelea. "Nimemwambia asiukate mgomba."

Kwao Busia, mtu asiyepatikana huzikiwa mgomba: shina hukatwa, likavikwa sanda, likalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Miaka sita Mama alikataa katakata. Mwezi uliopita tu ndipo alipokubali, akaanza kulala usingizi na kumaliza chakula chake. Mazishi yalikuwa yafanyike Jumamosi.

"Mama, mambo ya mtandaoni si ya kuamini."

"Picha ya marehemu haizeeki, Nabangala. Huyu amezeeka. Siwezi kumzika mtu aliye hai."

Siku tatu Mama alikuwa amefunga kibanda chake, akizunguka Kawempe mlango kwa mlango na simu mkononi. Na watu, kwa huruma au kwa kupenda maneno tu, walimwambia wamemwona. Mmoja alimwona kanisani. Mwingine aliapa kwamba walikunywa naye chai juzi. Mama aliyasimulia haya huku miguu yake imevimba, na uso wake ulikuwa na furaha iliyomtisha binti yake kuliko kilio chochote.

"Ni mimi, Mama," Nabangala alisema.

"Wewe nini?"

Nabangala alitoa simu ya ofisini, akaifungua akaunti ya Saverio na kumtumia Mama neno moja, samahani. Likatokea kwenye simu ya Mama, pembeni ya ile sura.

Mama alilisoma. Hakulia, wala hakumpiga, ingawa Nabangala alitamani apigwe.

"Na habari ya vibanda?"

"Niliitunga."

"Niliwasomea wenzangu wote Owino. Nikawaambia ni mwanangu anayesema."

Nje jirani alikuwa akianua nguo. Mama alimsikiliza mpaka alipomaliza, kisha akavaa miwani yake.

"Jumamosi tutamzika," alisema. "Lakini kwanza mwambie aniage. Siku ile aliondoka nikiwa sokoni."

"Mama, ni mimi nitakayeandika."

"Najua."

Akaenda kuketi kwenye kiti cha dirishani, simu mapajani, akampa binti yake mgongo. Nabangala aliishika simu ya ofisini kwa mikono miwili. Kwa jina la Saverio alikuwa akitunga uongo thelathini kabla ya chakula cha mchana, bila kusita. Akaandika "Mama." Akafuta. Akaandika tena, akafuta.

Kutoka dirishani Mama alikuwa akivitazama vile vidoti vitatu vinavyorukaruka mtu anapoandika.

"Anaandika," alisema taratibu, kana kwamba hakutaka kumshtua.