Vidole Viwili Kwenye Mpira wa Mafuta

Aliyenisimulia haya ni mke wa dereva, wiki ya pili baada ya lori kutoka karakana, tukiwa tumekaa tunachambua mchele. Yeye aliyapata kwa wifi yake, ambaye ndiye fundi mwenyewe, na huyo fundi hana tabia ya kuongeza chumvi. Chumvi mtakayoionja hapa ni yangu, na si nyingi.

Lori lilikuwa Namba Saba, la kubeba mawe kutoka machimboni juu hadi mjini chini. Tangi lake la petroli lilitobolewa na kutu, mafundi wa zamu ya asubuhi wakalivua, wakaweka tangi la Namba Tano, lori lililopinduka mteremkoni mwaka uliotangulia. Huo ndio utaratibu wa pale: gari likifa, viungo vyake vizima hugawiwa ndugu zake. Malori ya aina ile, tangi linakaa ndani ya kabini, chini ya kiti cha dereva. Tangu siku lilipofungwa, Namba Saba likawa linakohoa.

"Dada, likisimama linanguruma vizuri tu," dereva alimwambia fundi, maana walikuwa tumbo moja. "Nikifika kule juu nikikanyaga mafuta, linakata, linashika, linakata. Kama mtu mwenye kwikwi."

"Mwenye kwikwi anapewa maji. Shuka unipishe."

Alikuwa na miaka ishirini na mbili katika kazi hiyo, na hakuwa mtu wa kubahatisha. Alianza na plagi: kavu, rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa. Akadondoshea maji kwenye maungio ya kabureta huku injini inanguruma, asikie kama mlio utabadilika. Haukubadilika, maana yake hakuna tundu linalovuta hewa. Akafungua kabureta, ambayo karakana nzima ilikuwa imeshaapa kwamba imejaa uchafu. Vitundu vilikuwa safi, na boya la kupimia petroli ndani yake lilikaa kimo chake.

"Si uchafu," alisema.

"Sasa ni nini?"

"Njaa. Injini hii inanyimwa chakula."

Akauchomoa mpira unaotoka kwenye pampu, akauelekeza ndani ya chupa, akamwambia mdogo wake apige stata. Petroli iliruka kwa nguvu, ikawa nyembamba kama uzi, ikaruka tena. Akaurudisha mpira mahali pake, kisha akafuata kwa mkono ule unaoingia kwenye pampu, kurudi nyuma, shubiri kwa shubiri, hadi chini ya kiti. Nyuma ya tangi alikuta vidole viwili vya mtu vimeubana.

Alikuwa Kofia, dereva wa Namba Tano, yule aliyefia mteremkoni. Amejikunja ubavuni mwa tangi alilolikalia miaka tisa, kofia yake ya sufi kichwani.

"Habari za kazi, fundi," alisema.

"Nzuri. Achia kwanza nipime."

Aliachia, fundi akawasha injini, ikanguruma sawasawa kama cherehani. "Bana," fundi alisema, ikakohoa. Walifanya hivyo mara tatu, kwa sababu kipimo cha mara moja si kipimo. Kisha fundi akajifuta mikono.

"Tatizo limepatikana," alimwambia mdogo wake. "Ni Kofia."

Dereva aliinama akachungulia. "Kumbe ni wewe, kaka! Na mimi wiki nzima naitukana kabureta ya watu."

"Nilikusikia. Hata mama yangu hukumwacha."

"Nisamehe, kaka."

"Unabana kwa nini?" fundi aliuliza.

"Kanyaga breki."

Fundi alikanyaga. Pedali ilikwenda hadi sakafuni bila kukutana na kitu.

"Inashika ukiikanyagakanyaga," mdogo wake alisema, anaangalia pembeni.

"Hata mimi niliikanyagakanyaga," Kofia alisema. "Kwenye ripoti ya ajali wakaandika mwendo kasi. Huyu nimeona nimpunguzie mwendo mapema, kabla ya mteremko."

Kwa siku iliyofuata mdogo mtu alikuwa amepangiwa safari tatu za mawe, na mteremko ulikuwa ule ule. Fundi akaenda kumwita meneja.

Meneja alikuja na faili yake. Alichungulia chini ya kiti, akamsalimia Kofia, akamuuliza hali.

"Mzima," Kofia alisema, "ila nimekufa."

"Pole sana. Achia mpira."

"Fungua stoo, meneja," fundi alisema. "Vifaa vya breki vimo, nimeviona kwa macho yangu. Nipe hadi jioni, breki zitashika, na yeye ataachia."

"Vile ni vya malori yanayokwenda kukaguliwa. Namba Saba linakaguliwa mwezi wa tisa."

"Ile ripoti je?" Kofia aliuliza. "Si mngefuta hilo neno kasi?"

Meneja alipekua faili kwa uungwana. "Wewe hupo tena kwenye orodha ya wafanyakazi. Malalamiko yako sina pa kuyaandika." Akaondoka, na ufunguo wa stoo ukaondoka naye.

Fundi hakupiga kelele. Alikata kipande cha mpira mgumu wa tairi, akakizungusha pale vidole vinapobana, akakifunga kwa waya, ili mpira wa mafuta usipasuke.

"Hapo utabana miaka," alimwambia Kofia. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Likianza kukohoa, usishindane nalo. Tia gia ya kwanza, shuka mwendo wa bibi harusi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Siku iliyofuata lori lilikohoa kwenye kona ya juu mara tatu, na mara tatu likafika chini na mawe yake yote. Jioni meneja akaandika kwamba injini ya Namba Saba ni nzima, na kwa kuwa ni nzima, kuanzia kesho safari zitakuwa nne.

Jua lilipozama fundi alipita kwenye kabini kumpa Kofia habari hizo.

"Nne," Kofia alisema. "Haya."

Fundi alifunga mlango taratibu, akaenda nyumbani, akamkuta mdogo wake ameshalala na viatu. Alimvua, naye akajilaza. Kule karakanani Kofia alijaribu kubana kwa mkono wa kulia, akajaribu na wa kushoto, akaona wa kushoto haujachoka sana. Akauacha palepale juu ya mpira, akalala.